Sanduku la Bibi Bianka

Birika lile nililikuta Kasesya, mpakani, limekaa kati ya pasi ya mkaa na saa ya ukutani isiyo na mishale, juu ya turubai la kijana anayeuza vyombo vya mitumba kutoka upande wa Zambia. Birika dogo la alumini, kiuno chembamba, mpini mweusi ulioungua kidogo. Nilihesabu pembe zake nikapata nane. Nikarudia, maana anayehesabu mara moja ndiye anayerudi nyumbani na viatu viwili vya mguu mmoja.

"Hiyo ni taa, mama," kijana akaniambia. "Ya kisasa."

"Utambi unaingilia wapi?"

Akaligeuza, akachungulia chini, akachungulia juu. "Utambi utanunua."

Nikamwambia taa isiyo na mahali pa utambi ni kopo, na makopo ninayo nyumbani. Akaapa kwa mama yake. Nikaondoka, kama inavyotakiwa. Akaniita, kama inavyotakiwa. Tulipokubaliana nililifungua kiunoni, nikaweka pua, na ndani yake, chini ya harufu ya vumbi na ya mafuta ya taa aliyokuwa amejaribu kulitia, kulikuwa na kahawa. Kahawa kuukuu, iliyokwisha kuwa sehemu ya chuma. Nikasimama pale katikati ya malori na bodaboda, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya zahanati ya mtaa wetu Sumbawanga, nakariri Kiitaliano kwa hasira.

Mwaka huu mama yangu ameanza kusahau, na mimi nimeanza kununua vitu vya kumkumbusha. Ndiyo maana nalieleza hili, kabla na mimi sijaanza kuwaachia wengine kazi ya kunikumbusha.

Mtaani kwetu alikuwapo Bibi Bianka. Alikuja Ufipa akiwa msichana, mkunga, kutoka kijiji cha milimani huko Italia, na kabla ya kutua Sumbawanga alikuwa amezalisha kijijini Kate, amezalisha kijijini Chala, amezalisha kwenye matope katikati ya njia. Nusu ya darasa letu ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine mikononi mwa wanawake aliowafundisha. Kiswahili chake kilikuwa na "r" ndefu kama pikipiki inayopanda mlima. Kifipa chake, wazee walisema, kilikuwa safi kuliko cha watoto wa mjini, jambo walilolisema hasa tukiwa tunasikia.

Kisha akaugua, ugonjwa wa kichwa uliomlaza mvua nzima. Alipoinuka, Kiswahili na Kifipa vilikuwa vimeondoka, kama mbuzi waliokata kamba usiku mmoja. Kilichobaki ni Kiitaliano cha utotoni kwake. Aliongea nacho asubuhi hadi jioni, kwa upole mwanzoni, kwa kilio baadaye, kwa sababu hakuna aliyemjibu. Ndipo habari ikafika kwamba mpwa wake anakuja kumchukua amrudishe kwao. Mpwa hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba shangazi yake hana hapa mtu wa kuzungumza naye.

Wakubwa walijua jambo ambalo mpwa hakulijua. Bibi Bianka, akili zake zikiwa zimetimia, alikuwa amesema mbele ya watu, si mara moja, kwamba yeye atazikwa hapahapa, upande unaoelekea milima ya Mbizi, na atakayemrudisha Ulaya amrudishie kwanza utoto wake. Kwa hiyo chama cha kusaidiana cha mtaa, ambacho mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kuazimana sufuria za harusi na viti vya msiba, kiliitisha kikao. Mama yangu, mdogo wangu Vitalis akiwa mgongoni, akasimama.

"Mpwa anasema hapa hakuna watu wa kuongea naye," alisema. "Basi tuwe watu."

Mzee Masanja, Msukuma aliyekuja Ufipa na ng'ombe wake akahamia mwisho wa mtaa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Mapacha wake walikuwa wametoka kwa mikono ya Bibi Bianka, miguu mbele. "Kiitaliano kitakuwa na ugumu gani bhana," alisema. "Mimi nilifika hapa sijui Kifipa hata chembe. Leo natukanwa kwa Kifipa na naelewa."

Hayo yote ninayajua leo. Siku zile hakuna aliyekaa chini kuwaeleza watoto. Mimi niliona tu kwamba mama yangu ameanza kujifunza lugha ya mbali, na hilo nilikuwa nimeshaliona likitokea.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Kabla hajaondoka alitumia msimu mzima kujifunza Kibemba. Alikuwa akikariri mezani, akiosha lori, akinyoa ndevu. Tulimcheka. Kibemba chake kilipokamilika akavuka Kasesya, na huko akakaa. Kwa hesabu zangu, basi, lugha ilikuwa nauli. Mtu anaidunduliza kidogo kidogo, neno hadi neno, na siku ikitimia anapanda gari. Na sasa mama alikuwa akipepeta mahindi huku akikariri, kwa sauti ya chini, salamu ya asubuhi ya Kiitaliano, "Buongiorno. Buongiorno. Buongiorno."

Nikaamua kwamba safari hii hataniacha mtu. Vitalis alikuwa wa mgongoni, na wa mgongoni hahitaji lugha, anabebwa. Iliyokuwa ikihitajika ni nafasi moja, yangu.

Mwalimu wa chama alikuwa Dada Feliksia, aliyewahi kuishi Italia kwenye nyumba ya masista, akafanya kazi jikoni kwao, halafu akarudi nyumbani kwa sababu ambazo watu wazima walizijadili tukitoka chumbani. Nilimwendea akifagia banda la nyuma ya zahanati, mahali pa darasa.

"Hili ni darasa la watu wazima," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Mkimaliza kupika, nani anaosha sufuria?"

"Tunaosha wenyewe."

"Kuanzia leo naosha mimi."

Akaegemea ufagio. "Na wewe unataka nini?"

"Kukaa."

"Viti ni vya wanachama."

"Nina ndoo."

Akafagia pembeni, akaniachia nafasi ya ndoo. Baadaye alikuja kusema kwamba angeweza kunikatalia ningelia, lakini mtoto anayekuja na kiti chake mwenyewe ameshaingia.

Basi kila Jumapili, ibada ikiisha na watu wakishakula, chama kilikusanyika. Kiitaliano cha Dada Feliksia kilikuwa cha jikoni na cha kanisani, kwa hiyo na chetu kikawa hivyo hivyo. Tulijua kusema osha viazi, funga mlango, koroga, usiunguze, utuombee. Wanawake wa kitenge sare waliitikia kwa sauti moja mpaka kuku wa jirani wakahama. Mzee Masanja alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, akitamka kila neno kana kwamba anaita ng'ombe aliyepotea bondeni.

Siku ya polenta ndiyo siwezi kuisahau. Dada Feliksia alitangaza wiki nzima: tutapika chakula cha kwao Bibi Bianka, chakula cha milimani. Watu wakaja na njaa na heshima. Akabandika maji. Akatia chumvi. Akamimina unga wa mahindi. Akaanza kukoroga. Watu wakainama kuchungulia sufuria.

"Dada," mama Oresta, jirani yetu wa ukuta mmoja, akauliza kwa adabu, "huo si ugali?"

"Ni polenta."

"Na tofauti ni nini?"

"Hii inakorogwa muda mrefu zaidi. Halafu inaliwa kwa uma."

Mama Oresta akatafakari. "Kwa hiyo ni ugali uliochelewa."

Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Nilikariri ukorogaji. Mzee Masanja akaleta maziwa, Dada Feliksia akayagandisha kuwa jibini jeupe, na Mzee akaonja akasema kwamba kwao kitu hicho kinaitwa maziwa yaliyosahauliwa, lakini akaleta tena Jumapili iliyofuata. Fundi seremala wa mtaa akatuchongea mipira ya mninga kwa mchezo wa kurusha wa Kiitaliano, ule wa kutupa mpira wako ukaribie kijipira kidogo kilichotangulia. Mipira ya fundi haikuwa mviringo kamili. Kila mmoja ulikuwa na tabia yake: huu unakwenda kushoto, ule unasita, mwingine unafika ukaghairi. Siku za jua Bibi Bianka alitolewa nje akakaa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akanusa kahawa iliyokuwa ikichemka kwenye birika lake la pembe nane, na mpira wa Mzee Masanja ulipokwenda kumgonga mbuzi, alicheka. Chama kizima kilisimama kumsikiliza akicheka, kama watu wanaosikiliza mvua ya kwanza.

Lakini lililonikosesha usingizi ni chumba chake pale zahanati. Darasa likiisha, wanachama waliingia chumbani kwa Bibi Bianka mmoja mmoja, na kila mmoja alipewa muda wake. Mlango unafungwa. Ndani nasikia Kiitaliano, cha mwanachama kinachokwenda kwa magongo, na cha Bibi kinachotiririka. Kisha mtu anatoka. Wengine walitoka wanatabasamu, na wengine wanafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nikaelewa mara moja: huu ni mtihani, na Bibi ndiye anayechagua watakaokwenda.

Mara ya kwanza mama alipoingia alitoka analia. Nilifurahi kiasi cha kuosha sufuria mara mbili. Amefeli, nikawaza, tumepona. Jumapili iliyofuata akaingia tena, akatoka ametulia, akamwambia Dada Feliksia, "Leo amenishika mkono. Ameniita Mamma."

"Umefanya vizuri," Dada Feliksia akamjibu.

Nikaiacha sufuria haijaoshwa. Amefaulu.

Kulikuwa na jambo jingine kuhusu chumba kile, dogo, ambalo sikulipa uzito. Kwetu Ufipa mtoto au mwanamke hamsalimii mkubwa wake amesimama kama mlingoti. Unashuka, magoti chini, viganja unavikunja kidogo, unapiga makofi ya taratibu, ya sauti nene, na mkubwa anakuitikia kwa viganja vyake. Shikamoo ni ya mjini na ya shuleni. Makofi ndiyo salamu. Dada Feliksia, kwa nia njema, aliyapiga marufuku. "Kiitaliano hakipigiwi makofi," alisema siku ya kwanza. "Kule wanapeana mkono, na wakipendana wanagusanisha mashavu, hili kisha hili. Tusimchanganye mgonjwa." Wanachama wakatii. Ilimwuma kila mmoja kuingia kwa mzee akiwa wima, lakini ndiyo adabu ya mgeni, wakadhani: ukimtembelea mtu katika lugha yake, unavua viatu vyako mlangoni. Mzee Masanja peke yake aliyakataa mashavu. "Mashavu nagusana na ng'ombe wangu," alisema, "na si wote."

Siku za mpwa kuja zilipokaribia, nikagundua sanduku. Lilikuwa chini ya kitanda chetu, la kahawia, pembe za chuma, kufuli mbili za kubonyeza, nyuma ya debe la ulezi. Halikuwa la kwetu. Sisi mali yetu ya kusafiria ilikuwa kiroba. Nilikaa sakafuni nikiliangalia. Lugha alikuwa nayo, mtihani ameshinda, na sasa sanduku.

Ukweli wa sanduku lile nao niliupata baadaye. Lilikuwa la Bibi Bianka, lile alilokuja nalo akiwa msichana. Chama, baada ya kikao kirefu, kilikuwa kimeazimia lifichwe. Hoja ilikuwa ya mama Oresta, na ilipita bila kupingwa: mzungu hawezi kusafirishwa bila sanduku. Akikosa pa kutia nguo zake, atabaki. Watu wazima, wenye watoto, mashamba na kadi za uanachama, waliinua mikono wakakubali.

Sikumwuliza mama. Mtu akishaamua kuondoka, ukimwuliza unamharakisha tu. Hilo nilijifunza kwa baba. Nililivuta sanduku, likafunguka, tupu, linanuka dawa ya nondo na ile kahawa. Nikatia gauni langu la Krismasi. Nikatia ndala zangu, kikombe changu cha bati, na sweta la Vitalis ili asije akaonewa. Nikafunga kufuli zote mbili, nikajaribu kama zimefunga, nikajaribu tena. Sasa akibeba sanduku amenibeba.

Mpwa alifika kwa gari la kukodi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu mrefu, shingo ndefu, mwenye haya. Chama kilimpokea kwa sare kamili nyuma ya zahanati. Viti vilikuwa vyote vimejaa, nilivihesabu, na wengine wamesimama. Wakamwimbia wimbo wa milimani aliotufundisha Dada Feliksia. Wakampa polenta na uma. Mzee Masanja akasimama mbele yake, akavua kofia, akamtaka kwa Kiitaliano aoshe viazi na afunge mlango, kwa sauti ya heshima kubwa. Yule mtu alikula, akasikiliza, na macho yake yakawa mekundu. Kisha akaongea, na Dada Feliksia akatafsiri, sauti yake ikizidi kupungua.

"Anasema hajawahi kuona jambo kama hili. Anasema anawashukuru wote. Lakini anasema Kiitaliano chetu ni cha jikoni, na shangazi yake anahitaji zaidi ya jikoni. Nyumbani mji mzima utamwelewa. Kesho wanaondoka." Akawageukia wanachama. "Anaomba sanduku lake."

Mama Oresta akajitengeneza kitenge.

"Sanduku lipi?" mama Oresta akauliza.

"La kahawia. Anasema shangazi yumo nalo kwenye picha."

"Picha ni za zamani," akasema mama Oresta. "Mchwa wa hapa wana nguvu."

Mama yangu alitazama chini, akatazama Bibi Bianka aliyekuwa kwenye kiti chake juani, haelewi anagombewa. Mama hakuwa mtu wa kudanganya mbele ya mgonjwa. Akaenda nyumbani, akarudi nalo kichwani, akaliweka mbele ya mpwa. Watu wakashusha pumzi kama kwenye msiba, jeneza likishushwa. Na mimi kwenye ndoo yangu nikawaza, ndiyo hiyo saa.

Mpwa akafungua kufuli moja, akafungua ya pili. Akainua gauni la Krismasi, dogo, la mikono ya puto. Akainua ndala. Akaangalia kikombe cha bati kana kwamba kina maelekezo.

"Anauliza hivi ni vya nani," Dada Feliksia akasema.

"Ni vyangu," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Tunakwenda wote. Mimi na mama na Vitalis. Au asiende mtu."

"Kwenda wapi?" mama akauliza.

"Italia."

"Nani kakwambia mimi naenda Italia?"

"Unajua Kiitaliano," nikamwambia, na kwangu hoja ilikuwa imekwisha. "Baba alijua Kibemba."

Mama aliketi palepale chini, kwenye vumbi, na kitenge chake cha sare, akanivuta kwa mkono. "Leonsia," alisema, "mimi siendi popote. Anayechukuliwa ni yeye." Akanionyesha Bibi kwa kidevu. "Nilikuwa najifunza ili asiondoke mtu."

Nilimtazama Bibi Bianka. Hesabu yangu yote nilikuwa nimeipiga sawasawa, isipokuwa jina la msafiri. Ningeweza kukaa. Mama yangu alikuwa salama, biashara yangu ilikuwa imefungwa kwa faida. Lakini yule mzee alikuwa amekaa juani na blanketi lake, mikono yake mapajani, mikubwa, yenye mishipa, ile iliyonitoa mimi, na nilijua kama watoto wanavyojua kwamba hicho si kitu cha kuachia kwa bei ya kwanza.

Nilikwenda mbele yake kumwomba abaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiitaliano kwa miezi, na chote kikayeyuka. Sikukumbuka hata kiazi. Basi nikafanya ambalo ningelifanya mbele ya bibi yeyote. Nikashuka magoti, nikakunja viganja, nikapiga makofi, taratibu, kama nilivyofundishwa kabla sijafundishwa kutembea vizuri.

Mikono ya Bibi Bianka ikainuka kutoka kwenye blanketi. Ikakutana. Ikaitika.

Yeye mwenyewe aliitazama kwa mshangao, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa kwa ndani. Akaendelea kupiga, mpaka mwisho wa salamu, bila kuruka, na alipomaliza akaniwekea kiganja kichwani, vile alivyokuwa akiwawekea watoto wote aliowapokea.

Mama Oresta akashuka magoti. Mama akageuka palepale alipokaa. Chama kizima kikashuka, vitenge vikifanya sauti ya upepo kwenye mahindi, na makofi yakajaa ua, na Bibi akamwitikia kila mmoja, akigeuza uso kwa kila mmoja. Dada Feliksia alikuwa amefunika mdomo. Miezi yote ile tulikuwa tukimwendea kwa njia ya mbali, kwa adabu, tukiwa tumeiziba ile ya karibu kwa mikono yetu.

Mpwa aliuliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza shangazi anafanya nini," akasema Dada Feliksia. Akamjibu mwenyewe, kisha akatuambia alichojibu. "Nimemwambia anaitikia. Anaongea. Si Kiitaliano, lakini anaongea."

Yule mtu akakaa juu ya ndoo yangu. Mzee Masanja akamwendea, akachuchumaa mbele yake kwa shida ya magoti yake, akamwonyesha viganja vinavyokunjwa. "Mimi pia si kwetu," alimwambia kwa Kiswahili, kana kwamba mwenzake anakijua. "Nilichelewa kujifunza. Hivi. Usiviache wazi, utakuwa unafukuza kuku."

Mpwa akaenda mbele ya shangazi yake, akapiga magoti kwenye vumbi letu, akapiga makofi. Alipiga vibaya sana. Alifukuza kuku wote wa Sumbawanga. Bibi Bianka akamwitikia.

Hakuondoka kesho yake. Alikaa mpaka mahindi ya kuchoma yakaisha, akawa akija darasani, akatusahihisha nyimbo, akashindwa na Mzee Masanja kila mchezo kwa sababu alirusha kana kwamba mpira ni mviringo. Alipoondoka alikuwa na begi lake mwenyewe tu. Sanduku alimwachia mama. Bibi Bianka aliishi nasi mvua kadhaa baada ya hapo, akizungumza Kiitaliano asubuhi na makofi jioni, na tulimzika anakotazama Mbizi, kama alivyotaka. Birika lake tulimpa Dada Feliksia, likatoboka kwa kutumika. Chama hakikuvunjika. Watoto wa mtaa mpaka leo wanaimba nyimbo za milimani wasikokujua, na ugali uliochelewa tunaula kila Pasaka.

Sasa niseme habari ya mama. Anakaa kwangu. Kiswahili kimeanza kumtoka, kwanza cha ofisini, halafu cha sokoni, na tangu kipupwe hiki amebaki na Kifipa peke yake, kile cha shamba la babu yake. Mimi namwelewa. Wanangu wamekulia mjini, wanajua Kiswahili cha shule na cha kijiweni, na Kifipa sikuwapa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akikinunua. Siku ile nilipotoka Kasesya na birika, niliwakuta wanangu wote watatu wameketi, wanakaribia kulia, mama katikati yao. Alikuwa ameomba maji tangu mchana. Walikuwa wamemletea uji, blanketi, redio, kiti kingine.

Nikampa maji. Nikachemsha kahawa katika birika, akanusa, akatabasamu kwa mtu ambaye sikumwona. Jumapili nikaenda nalo kwenye chama, nikaliweka mezani mbele ya Dada Feliksia, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini bado anafundisha, nikasema Kiitaliano kipumzike. Kuanzia leo tunafundisha Kifipa, na wanangu watakaa mbele.

"Mama, sisi tutapata nini?" mwanangu mkubwa akauliza, amekunja mikono. Nilimpenda sana wakati ule.

"Mtaosha sufuria," nikamwambia.

Jana usiku Vitalis alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Ana nyumba kubwa, ana mke mwema, ana daktari jirani. Anasema mama ahamie kwake, kule atatunzwa. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, maana ni mdogo wangu na anampenda.

"Mama hawezi kusafiri," nikamwambia.

"Amezidiwa?"

"Hapana. Hana sanduku."

Yeye alikuwa mgongoni, hakumbuki. "Basi nitamnunulia, dada."

"Njoo," nikamwambia. "Lakini ukifika, kabla hujasema neno, utapiga magoti na kumsalimia kwa makofi. Kama umesahau, uliza, hapa tuna darasa."

Nikakata simu. Nikaingia chumbani kwa mama, nikainama, nikalisukuma lile la kahawia chini ya kitanda, ndani zaidi, nyuma ya debe la ulezi.